Koti la Kwanza Huvuliwa kwa Kabemba

Wapitaji wa saa kumi walianza kuingia Mama Mujinga akiwa bado anatwanga sombe. Alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, kinu mbele yake na beseni la majani ya muhogo ubavuni, na kwa kuwa huo ndio mlango wao wa kutokea, kila mmoja ilimbidi aliruke beseni. Alikuwepo mwanamke mnene mwenye koti la mvua. Walikuwepo vijana wawili waliofuatana bila kujuana, na mzee aliyeshika kiatu kimoja mkononi. Waligusa mwimo wa mlango wa mbele, wakaingia sebuleni, kila mmoja akavua koti moja na kulitupia juu ya kiti cha marehemu Kabemba, mumewe Mama Mujinga, kisha wakashika njia ya jikoni.

"Muchunge sombe yangu," Mama Mujinga aliwaambia bila kuinua kichwa. "Jana moja wenu alikanyaga."

"Pardon, mama," walisema, wakaruka.

Ndivyo nyumba hiyo ilivyokuwa, pale Kolwezi, mtaa wa chini karibu na reli. Majirani walishazoea. Aliyeuliza maswali alikuwa mtu aliyehamia juzi, naye akishaonyeshwa mahali pa kununua makaa na mahali pa kununua maji, aliambiwa na hilo pia, akanyamaza.

Mambo yalianzia kwa Kabemba mwenyewe. Alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye stesheni ya Mutshatsha akipitisha magari-moshi asiyojua yamebeba nini, na alipostaafu hakujua aifanyie nini mikono yake. Wenzake wakistaafu hufuga kuku. Kabemba alinunua kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye rafu chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akaiunga kwenye mtandao wa watu wa kujitolea walioko duniani kote. Watu hao huweka mashine zao njiani ili neno la mtu lipite nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kusiwe na nyumba hata moja inayojua yote. Ya kwanza inajua neno limetoka wapi, haijui linakwenda wapi. Ya mwisho inajua linakokwenda, haijui lilikotoka. Ya katikati haijui kitu, inapitisha tu, na kila nyumba inalivua neno koti moja. Kabemba aliposomewa hayo na binti yake Fidélie alisema hiyo ndiyo kazi yake, hawezi kufundishwa.

Kesho yake asubuhi neno la kwanza lilipita, nalo lilipita kwa miguu. Mama Mujinga alilikaribisha chai. Likasema asante mama, mi niko mu njia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alama ya kidole gumba ilikuwa imejichora kwenye saruji ya mwimo wa mlango, ingawa saruji hiyo ilikauka tangu zamani za baba mkwe. Mama Mujinga aliisugua kwa brashi, haikutoka.

"Achana nayo," Kabemba alimwambia. "Ile ndiyo jina ya nyumba. Mashini ilijitengenezea yenyewe, na iko moja tu mu dunia. Bapitaji banagusa pale, banayua kama beko kwa Kabemba, hapana kwa mwizi."

"Na bao majina yao ni nani?"

"Ile hatuulizake. Nyumba inapashwa kuyulikana, ili mupitaji asiyulikane."

Mwanzoni walikuja wachache. Nyumba mpya haiaminiwi kwa siku moja, hata na mtandao. Ilitazamwa kwanza, ikapimwa kama inalala mapema, kama inachungulia wageni, kama inakatikakatika. Umeme wa bwawa la Nzilo ulipokatika, wapitaji walisimama pale ulipowakuta, mkono mmoja ndani ya koti na mmoja nje, na Kabemba kwa huruma akanunua betri. Polepole sifa ikaenea, wakaanza kuja wale walioichagua iwe mlango wao wa kwanza. Hao walifika na makoti yote matatu mwilini, na mlango wa kwanza ukishauchagua hauubadilishi ovyo. Anayebisha hodi kwenye kila mlango, mwishowe atafunguliwa na mbaya wake.

Sura zao zilionekana vizuri kabisa wakiwa sebuleni. Wakishavuka kizingiti cha jikoni, hakuna aliyezikumbuka. Fidélie alijaribu siku moja kushika kichwani pua ya mmoja wao, kichwa kikamuuma mpaka jioni. Lakini miguu ilikumbukika. Kabemba alipoulizwa sababu alisema labda waliotengeneza mambo hayo hawakufikiria miguu.

Na makoti? Makoti yalikuwa mazuri, na hapo ndipo Mama Mujinga alipoumia. Hayakuwa na mfuko wala jina la fundi, na mwenyewe akishayavua, ukiyaanika juani yalipungua kidogo kidogo mpaka yakabaki kivuli, halafu hata kivuli hakipo. Aliwahi kuuza moja sokoni. Mnunuzi alirudi alasiri amevaa shati tu, amekunja mkono kana kwamba bado amelibeba, anadai chake. Tangu siku hiyo Mama Mujinga aliyaacha yajiishie, ila si yote. Aligundua kwamba gizani makoti hayaishi, akawa anachomoa moja moja na kulisokomeza kwenye sanduku chini ya kitanda. Ukimuuliza ya nini, atakuambia kitu hakitupwi kabla ya kuijua kazi yake.

Basi, kati ya hao wa mlango wa kwanza alikuwepo mtu wa buti.

Alikuja jioni, si kila jioni, makoti matatu mwilini hata kwenye joto, na buti zake ziliacha nyayo za kijani kwenye sakafu. Kijani hicho kila mtu wa mtaa alikijua. Kilikuwa kijani cha kijito kinachopita chini ya mtaa, kilichobadilika rangi tangu bwawa la maji machafu ya mgodi lilipopasuka upande mmoja. Kampuni ilisema bwawa halikupasuka. Shekina, mtoto wa Mignonne, dada yake Fidélie, alikanyaga maji yale siku moja akifuata mpira, na ngozi ya miguu yake ikawa inabanduka kama ganda la kiazi. Kampuni ilisema mtoto ana mzio.

Kila mara, siku chache baada ya mtu wa buti kupita, redio ya mbali ilisoma vipimo vya maji ya kijito, sumu gani na kiasi gani, vipimo ambavyo ni mtu wa ndani ya mgodi pekee angeweza kuvipata. Fidélie, anayefanya kazi ya fotokopi karibu na soko, alivisikiliza akiwa na tambara mkononi. Halafu alizima redio, akadeki nyayo. Alimpenda mtu yule, na simaanishi mapenzi ya kuolewa, msianze. Alimpenda kama unavyompenda mtu anayeshika upande wa pili wa mzigo wako.

Kabemba alikufa kiangazi, kwa kifua. Mtandao haukulia, wapitaji waliendelea kupita katikati ya matanga wakisema pardon kwa waombolezaji, na wengine waliinamisha kichwa mbele ya jeneza. Siku zake za mwisho alikuwa ameomba sindano na uzi. Mama Mujinga alimpa, akamwona akishona kitu kwenye mkaba wake wa ngozi, mkanda ule wa kazi ya reli. Hakumuuliza. Miaka yote ile ya wapitaji ilikuwa imemfundisha.

Sasa msikilize vizuri hapa, kwa sababu makosa yalitokea hapa. Kwao, watu wa kaskazini ya Katanga, mtu akifa jina lake halifukiwi naye. Huchaguliwa mtu wa kulikalia. Huketishwa kwenye mkeka, hufungwa mkaba wa marehemu kiunoni, hunyweshwa maji, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu: hurithi wadogo zake, ugomvi wake na shemeji zake. Huko ndiko kupyana. Mpaka siku hiyo mkaba hutundikwa juu, mkono wa mtu haugusi. Na utaratibu wake hauna mjadala: kwanza mpyani anaketi, ndipo nyumba inafagiliwa. Ukifagia kabla, unafagia na jina.

Muteba, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa makaa aliyekuja toka Mutshatsha, alitaka mwanawe Mulumba ndiye aketi. Mama Mujinga hakusema ndiyo wala hapana. Kila alipoulizwa aliinuka kuangalia bukari, ugali wao, jikoni. Wiki zikapita hivyo, matanga yakachoka, watu walikuwa na kazi zao Fungurume na Lubumbashi, na Muteba akasema mufagie tu, kuketisha itakuja nyuma. Wakafagia. Majivu yakatupwa, viti vikatolewa nje, sakafu ikapigwa maji.

Siku hiyohiyo ya kufagia, Mulumba aliiona mashine. Alikuwa kijana mwema, fundi wa kompyuta kule Lubumbashi. Fidélie alikuwa amemwambia kwamba mtandao umetoa tangazo: mashine zenye programu ya zamani zitafungiwa mlango, kwa kuwa zina mianya. Tangazo lilikuwa la haki. Lakini kompyuta ya Kabemba ilikuwa nzee kiasi kwamba programu mpya haikuweza kukaa juu ya ile ya zamani. Fidélie alitaka kwanza atafute jina la nyumba limekaa wapi ndani yake. Alipotoka kwenda kazini, Mulumba, ambaye hapendi kuona kazi imekaa, akafuta kila kitu, akaweka programu mpya toka chini mpaka juu.

"Iko bien," alimwambia Fidélie aliporudi. Alikuwa anatabasamu. "Iko propre kabisa. Nilifagia na ndani ya mashini."

Fidélie alitoka nje akautazama mwimo wa mlango. Alama ilikuwepo, lakini si ile. Ilikuwa laini, mistari yake midogo midogo, kama kidole cha mtoto aliyezaliwa leo.

Wapitaji wa jioni wakaja. Mwanamke mnene aligusa mwimo, akautoa mkono, akagusa tena. "Pardon, mama," alisema, "tumekosa nyumba," na akashuka ngazi. Wale vijana wawili hata hawakupanda. Mzee alisimama kidogo akiwa na kiatu chake, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaondoka. Mama Mujinga aliitazama sombe yake ambayo hakuna mtu wa kuiruka.

"Hapa ni kwa Kabemba!" Fidélie aliwapigia kelele mgongoni. Hakugeuka hata mmoja. Kusema kila mtu anaweza kusema.

"Batazoea ile mupya," Mulumba alisema, lakini tabasamu lilikuwa limeshamtoka. "Miezi mbili, tatu hivi, batarudia."

Ingekuwa hivyo kweli, na kama ni mzee wa kiatu tu tungengoja. Lakini kesho yake mtu wa buti alifika. Aligusa mwimo. Aligusa kwa kidole, kwa kiganja, kwa mgongo wa mkono. Hakuingia, na hakwenda mlango mwingine, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyo salama. Akarudi hadi kwenye lango, akasimama pale barabarani, makoti matatu mwilini, jua la mwezi wa kumi kichwani, akingoja nyumba ikumbuke jina lake.

Siku ya pili alikuwa pale. Gari ya walinzi wa mgodi ilipita. Siku ya tatu ilipita tena, polepole zaidi, na mlinzi mmoja akatoa kichwa dirishani kumtazama mtu aliyevaa makoti matatu kwenye joto lile.

Fidélie aliogopa. Akakaa chini jikoni, akalia.

"Batamukamata, mama. Batamuuliza anabeba nini. Na ni shiye tuko tunamusimamisha pale inje sawa mbuzi wa kuuzisha."

Mama Mujinga alifuta mikono kwenye kitenge. Alitazama juu, kwenye msumari ulioshika mkaba.

"Tata yako alishona kitu mule," alisema. "Kidogo, sawa ukucha. Mi ndiye nilimupatia sindano."

Fidélie alisimama papo hapo, akashika wembe. Mama yake akamshika mkono.

"Hapana. Mukaba ile haiko ya mutu saa hii. Mutu bila jina hapasue mukaba. Unazania juu ya nini aliweka pale? Aliyua kama mu nyumba hii, na bandugu hawa, ni mahali moja tu pa kukosa mikono."

Hapo Fidélie akaelewa baba yake. Sanduku lingefunguliwa, koti lingegawanywa, simu ingeuzwa. Mkaba usingeguswa na mtu mpaka mpyani aketi. Ila sasa mpyani hakuwepo.

Mama Mujinga aliwaita wote sebuleni jioni hiyo. Muteba alikuja amejiandaa, amevaa na kofia.

"Bon," alisema. "Mulumba aikale kesho asubui. Maneno itaisha."

Mulumba alikuwa ameegemea ukuta. Tangu siku ile hakuwa akila vizuri.

"Tata, mi siwezi," alisema. "Mi ndiye nilifagia. Mutu wa kufagia jina hawezi kuikala juu yake."

"Basi nani? Mutanunua mupyani ku soko?"

"Fidélie."

Muteba akacheka. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akakohoa. "Mwanamuke? Mwanamuke atakuwa kaka yangu, yaya yangu?"

"Muteba," Mama Mujinga akasema taratibu, "nyuma ya reli kwenu kule, chefu wa kijiji ni nani? Ni mwanamuke, na we mwenyewe unamuitaka tata, juu anakupatiaka miti ya makala. Leo ndiyo umegundua banamuke?"

Muteba alivua kofia, akaitazama ndani. Alikuwa mbishi lakini hakuwa mtu mbaya. "Ile ni kweli," alisema. "Ile mama ananipatiaka miti."

Asubuhi wakatandika mkeka. Majirani wakaja, maana kupyana hakufanywi na watu wawili. Fidélie alikaa miguu mbele, macho chini. Na mtu wa buti alikuwa langoni kama kawaida, na ile gari ya walinzi ikatokea kwenye kona, na safari hii haikupunguza mwendo. Ilikuwa inakuja kusimama.

Mama Mujinga aliiona dirishani. Sasa aliijua kazi ya makoti yake. Aliingia chumbani, akavuta sanduku toka chini ya kitanda.

"Muvae," alisema, akirusha makoti. "Kila mutu moja. Muvae, mutoke inje, mumuikalie karibu ule mutu."

Hakuna aliyeuliza ni kwa nini. Ni mtaa uliozoea ule, nimeshawaambia. Mignonne alivaa. Mwuza mandazi alivaa, jirani anayetengeneza baiskeli akavaa mawili kwa uroho. Walinzi waliposhuka walikuta barabara imejaa watu wenye makoti kwenye jua la mwezi wa kumi, wengine wameketi, wengine wanaimba nyimbo za matanga, na bibi mmoja anawagawia maji.

"Kuko nini hapa?" aliuliza mkubwa wa walinzi.

"Familia," Mama Mujinga akajibu. "Tuko na kupyana."

"Kuko mutu anasimamaka hapa. Ni nani?"

"Utazame mwenyewe, mwana."

Mlinzi akatazama. Alitazama sura ya kwanza, na alipoigeukia ya pili, ya kwanza ikamtoka. Akarudia, ikamtoka na ya pili. Akainua mkono kama mtu anayetaka kuhesabu, akaushusha. Wenzake walifanya vilevile. Mmoja wao akaanza kuumwa kichwa.

Lakini jua lilikuwa linapanda, na makoti ni yaleyale mnayoyajua. Mabega ya Mignonne yalianza kuonekana kupitia kitambaa. La mwuza mandazi lilikuwa limebaki kama moshi.

"Harakisha," Fidélie, ndani kwenye mkeka, alimnong'oneza baba yake mdogo.

Muteba, mtu ambaye kwenye kikao hajawahi kumaliza sentensi kabla ya saa sita, alifupisha. Alimpaka Fidélie mpemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, akamnywesha maji, akautoa mkaba kwenye msumari, akamfunga kiunoni.

"Kabemba hakufwa," alisema. "Kabemba eko hapa." Halafu akapiga magoti mbele ya mtoto wa kaka yake, machozi yakamtoka. "Jambo, yaya. Ulituacha siku mingi."

"Jambo, Muteba," Fidélie akajibu. "Leta wembe."

Mtu akipasua mkaba wake mwenyewe, nani atamuuliza? Ndani ya mshono, ndani ya kipande cha nailoni, kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, na ndani ya kadi folda moja tu, funguo za mashine. Mulumba aliizima programu. Akarudisha folda mahali pake, pole pole, kwa vidole viwili, kama mtu anayemrudisha kifaranga chini ya mama yake. Programu ikabaki mpya yote. Akawasha.

Kwenye mwimo wa mlango alama laini ilizama ndani ya saruji, na ile ya zamani ikapanda, mistari yake minene, kovu lake la upande. Fidélie aliweka kidole gumba chake juu yake. Kilienea sawasawa.

Mtu wa buti akainuka katikati ya watu. Alipita kati ya walinzi wawili, mmoja akampisha. Akapanda ngazi, akagusa mwimo, akaingia. Sebuleni akavua koti la juu, akaliweka juu ya kiti, akamgeukia Fidélie. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno.

"Asante, Tata Kabemba," alisema.

"Pita, mwana," Fidélie akasema, na sauti ilikuwa yake, ila kikohozi kilichofuata hakikuwa chake.

Mtu wa buti akaliruka beseni la sombe, akatoka kwa mlango wa jikoni. Huko nje makoti yalimalizika, watu wakabaki na nguo zao, walinzi wakaona majirani tu. Mkubwa wao hakujua aulize nini. Mama Mujinga akawaambia bukari imeiva, na kwa kuwa hakuna mtu anayekataa bukari ya kupyana, wakanawa mikono, wakala. Yule aliyeumwa kichwa aliomba nyongeza.

Wapitaji wa saa kumi walirudi siku hiyohiyo. Mzee sasa ana viatu viwili mkononi. Mulumba alirejea Lubumbashi baada ya kutengeneza nakala tatu za kadi, na kila mpiga simu humkuta anawaambia wateja wake wasifute kitu kabla ya kuuliza jina. Muteba humpigia Fidélie simu toka Mutshatsha kumshtakia mke wake, kwa kuwa mdogo mtu hushtakia kwa kaka yake. Mama Mujinga humwita binti yake bwana wangu akitaka kumchokoza, na akipenda humwekea kile kiti.

Redio ilisoma vipimo vipya. Vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza. Kampuni ilileta ubao, ikausimika kando ya kijito, umeandikwa kwamba maji ni salama, na baada ya mvua ya kwanza miguu ya ubao ikaanza kubanduka rangi. Maji mtaa bado unanunua. Shekina anavaa soksi.

Jumapili, kanisani, wakati wa matoleo, watu walijipanga kwenda mbele wakicheza kama desturi, na Fidélie akajikuta nyuma ya mtu mmoja kwenye mstari. Alikuwa ametazama chini, akitafuta mahali pa kukanyaga. Mbele yake, kwenye saruji iliyodekiwa alfajiri, kila hatua ya mtu yule iliacha wayo wa kijani. Macho ya Fidélie yalipanda mpaka magotini. Akayarudisha chini.

Ngoma zilikuwa zinapigwa vizuri. Alicheza huku akiburuta ndala zake, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akiufuta kila wayo kabla mtu wa nyuma hajaufikia.

"Bwana wangu," Mama Mujinga akanong'ona mgongoni kwake, "leo unacheza mubaya sana."

"Nayua, mama," Fidélie akasema, na akaendelea kucheza vibaya mpaka altareni.